Msikiti wa Old Kampala: mnara mmoja ulivyoushika mji mzima

Tafuta picha ya Kampala kwa simu yako sasa hivi, hutafika mbali kabla hujauona, mnara mrefu mwembamba umesimama juu ya kilima, pembeni yake kuba kubwa la rangi ya shaba na kuba ndogo zimelizunguka, chini yake mabati na maghorofa ya mtaa wa Kisenyi. Huo ndio msikiti wa kitaifa pale Old Kampala. Kwa karatasi unaitwa Uganda National Mosque, lakini mtu wa bodaboda ukimwambia hivyo atakuuliza ni upi, sema tu Gaddafi atakufikisha.

Nataka niuchambue huu msikiti kama kisa, kwa sababu watu wa mipango miji na wasanifu wanabishana kila siku kuhusu jengo moja kuubadilisha mji sura, na mara nyingi mifano yao ni ya mbali, Paris na mnara wa Eiffel wa 1889, Sydney na ile nyumba ya opera iliyofunguliwa 1973, Bilbao na jumba la makumbusho la Guggenheim la 1997. Sisi huku tuna kisa chetu kimekamilika kabisa, kina mfadhili, kina jeshi, kina dini tatu zinatazamana, kina kitu kilichobomolewa ili kipya kiingie, na watu wanapita chini yake kila siku wakikimbilia Kikuubo kununua mali bila hata kuinua kichwa.

Wengi watakuambia msikiti umekuwa alama ya Kampala kwa sababu ni mkubwa na ni mzuri. Mimi sikubali, ama niseme nakubali nusu. Ukubwa unao, ndani pamoja na nje wanaswali maelfu kwa maelfu. Lakini Kampala ina majengo makubwa mengi, iko Workers House, iko Crested Towers, iko Mapeera House pale Kampala Road, na sijawahi kusikia mtu anatuma picha ya Workers House kwa ndugu yake Goma kumwambia nimefika salama. Kwa hiyo kuna kitu kingine hapo, na kwa maoni yangu hicho kitu ni viwili, kilima chenyewe, na ule mlango wa mnara ambao wameuacha wazi kwa kila mtu.

Tuanze na kilima maana bila kilima huelewi chochote.

Desemba 1890 kapteni mmoja Mwingereza, Frederick Lugard, alifika Buganda akitumwa na kampuni, ile Imperial British East Africa Company, akaweka kambi juu ya Old Kampala, baadaye ikawa ngome. Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alikuwa ng'ambo tu, kilima cha Mengo, mnatazamana kilima kwa kilima. Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wakapigana, Lugard akawa upande wa Waprotestanti na bunduki zake za Maxim zikamaliza maneno, kanisa la Wakatoliki kule Rubaga likachomwa. Baada ya pale vilima vikazidi kuwa kama hati ya kiwanja. Rubaga ni ya Wakatoliki, Namirembe ya Waprotestanti, Mengo ya Kabaka, Nsambya wakaja kupewa wamisionari wa Mill Hill mwaka 1895 ili ionekane kwamba Mkatoliki si lazima awe Mfaransa kama wale mapadri wa mwanzo. Kila mwenye kilima akajenga juu kabisa, pale ambapo jirani hawezi kukwepa kuona. Namirembe wamejenga na kujenga tena, moja liliunguzwa na radi mwaka 1910, hili la matofali mekundu tunaloliona leo ni la 1919. Rubaga nayo wakamaliza kanisa lao kuu lenye minara miwili mwaka 1925.

Na Waislamu? Waliingia Buganda kabla ya hao wote wawili, lakini kwenye mgao wa 1892 waliachiwa maeneo madogo kama Butambala, mbali na mji. Kibuli ikaja baadaye, kwenye ardhi ya mwanamfalme Badru Kakungulu, msikiti wake mweupe ukamalizika 1951, na ni mzuri kweli, mimi binafsi naupenda kuliko huu wa Old Kampala. Ila Kibuli iko ng'ambo ya reli. Kile kilima cha katikati, kile ambacho mzungu alipandisha bendera, hakikuwa chao.

Sasa unaona. Mtu akija kujenga msikiti Old Kampala haweki tu jengo kwenye kiwanja, anajibu barua iliyoandikwa miaka themanini nyuma, na kila Muganda mwenye umri anaisoma hiyo barua bila kusaidiwa. Ungeuchukua msikiti huohuo, kuba zilezile, mnara uleule, ukaupeleka Nakawa kwenye tambarare, ungekuwa msikiti mkubwa wa Nakawa basi.

Aliyeanza kujibu ni Idi Amin. Mwaka 1972 likaundwa Baraza Kuu la Waislamu Uganda, na mwaka huohuo ujenzi ukaanza pale juu. Mwaka huohuo tena Wahindi wakafukuzwa nchini, na Old Kampala ilikuwa mtaa wao hasa, hadi leo ukitembea zile barabara za chini ya msikiti utakuta nyumba za ghorofa moja zenye roshani, juu ya mlango mwaka umechongwa kwenye plasta pamoja na jina la familia ambayo haiko tena, na chini yake kuna duka la spea za pikipiki. Ujenzi wenyewe ukasimama katikati, Amin akang'olewa 1979, na kwa miaka zaidi ya ishirini kilima kikabaki na gofu. Watu wanasahau hii sehemu. Kampala ilikuwa na alama kwenye kilima hicho hata kabla ya msikiti kuisha, alama ya kitu kilichoshindikana, na mji uliokuwa umetoka vitani ulikaa chini yake kila siku ukiitazama.

Gaddafi akaingia hapo. Mwaka 2001 kazi ikaanza upya kwa pesa za Libya, 2006 jengo likawa limekamilika, na Machi 2008 akaja mwenyewe kulifungua, mbele ya marais wenzake, siku ambayo walinzi wake na walinzi wa rais wetu walisukumana kwelikweli. Kiongozi anayekutembeza ndani atakuhesabia zawadi, mazulia kutoka Libya, taa kubwa za kuning'inia kutoka Misri, vioo vya rangi kutoka Italia, mbao za hapahapa Uganda. Mimi huwa nacheka kidogo nikifika hapo kwenye mbao. Yaani chetu ni mbao na kilima.

Lakini nisiwe mkali sana, mkono mtupu haulambwi, na serikali yetu haikuwa na pesa wala nia ya kumalizia msikiti wa Amin. Bilbao walikaa wakaamua wenyewe, serikali ya jimbo lao ikatoa pesa za umma, wakamleta Frank Gehry, wakasema tunataka dunia ituone upya baada ya viwanda vya chuma na meli kufa. Hapo mji unanunua sura kwa makusudi. Kampala haikununua, ilipewa. Na kitu cha kupewa kina tabia yake, huchagui umbo, huchagui jina, na huna bajeti ya kukitunza siku aliyekupa akiondoka.

Aliondoka. Oktoba 2011 Gaddafi akauawa, na fedha za Libya za matunzo na mishahara zikawa shida, na mwaka 2013 jina rasmi likabadilishwa kuwa msikiti wa kitaifa. Nimesikia watu wanaona hiyo ni aibu, eti tulimkana baba aliyetulisha. Kwa upande wa mji naona ilikuwa sawa kabisa, alama ya mji haiwezi kubaki inatangaza kiongozi wa nchi nyingine kila mtalii anapoandika posti. Tena angalia Fort Portal, ikulu ya mfalme wa Tooro pale kilimani ilirudishwa hali nzuri kwa pesa za Gaddafi huyohuyo, na hakuna anayeiita ikulu ya Gaddafi, ni ya Omukama basi, kwa sababu pale jina lilikuwepo kabla ya pesa. Old Kampala pesa zilifika kabla ya jina, ndio maana mpaka kesho kutwa konda atakuwa anaita Gaddafi, Gaddafi, na hakuna waraka wa kumzuia.

Sasa mnara. Hapa ndipo naona watu wa mipango miji wangekaa chini wakaangalia vizuri.

Misikiti mingi duniani mnara wake ni wa kutazamwa tu na wa kuadhinia. Huu wanakupandisha. Unalipa getini, mgeni wa nje analipa zaidi ya raia, unavua viatu, na kama ni mwanamke umekuja na suruali kuna dada pale anakufunga leso kiunoni na kukuviringisha mtandio kichwani, haulizi dini yako. Nilimwona anamfunga msichana mmoja wa chuo aliyekuwa anajifunga mwenyewe haraka haraka, akamshika mkono, "Ngoja nnyabo, hivyo itaanguka kwa ngazi, utajikwaa," akafungua lile fundo la pembeni akalihamisha mbele, akalikaza mara mbili, akaligonga kwa kiganja kama anapima mkate. "Sasa panda hata ukikimbia." Wenzake walikuwa wanapiga selfi na wengine wawili shingoni wana misalaba, hakuna aliyesema kitu.

Ngazi ni za kuzunguka, zaidi ya 270, joto, na katikati kila mtu anaanza kujifanya amesimama kupiga picha kumbe anatafuta pumzi. Juu ni chumba kidogo chenye madirisha pande zote na upepo. Na hapo sasa kiongozi anaanza kazi yake halisi, maana ndani ya msikiti alikuwa anakuambia habari za zulia, huku juu anakufundisha mji. Anakusogeza dirisha kwa dirisha. Ile pale Namirembe, ile Rubaga, yale majani mengi ni Lubiri, ua la ikulu ya Kabaka pale Mengo, geuka, ule mnara mweupe ni jengo kuu la Makerere ambalo liliungua Septemba 2020 na wakalijenga tena vilevile lilivyokuwa, geuka, Nakasero wanakokaa wenye ofisi, nyuma yake Kololo wanakolala wenye pesa, shuka macho chini, Nakivubo, soko la Owino, mapaki ya teksi, Kibuli ng'ambo, na siku ikiwa safi ziwa linaonekana kule mwisho.

Mkazi wa Kampala anaishi mabondeni. Huu ni ukweli wa kila siku, tuko chini, kwenye foleni, kwenye matope ya Kisenyi mvua ikinyesha, kwenye uchochoro wa Kikuubo unasukumwa na mzigo wa mtu, unajua njia tatu nne tu na unajua mji kwa majina ya steji. Ukipanda pale juu kwa mara ya kwanza mji unajipanga. Unaelewa kwa nini barabara yako inapinda, kwa nini mafuriko yanakuja Bwaise na hayaji Kololo, kwa nini kila kilima kina kitu cha fahari juu na kitu cha shida chini. Wanafunzi wa shule wanaletwa pale na madaftari. Wafanyabiashara wa Kongo na Sudan Kusini wanaokaa lojingi za Kisenyi wanapanda wakisubiri basi. Nimesikia pale juu Kiswahili cha Bukavu, cha Nairobi, Kinubi, Kisomali, Kiganda cha watoto wa shule, vyote kwenye chumba kimoja kisichotosha kitanda.

Kwa hiyo ninaposema msikiti umeishika Kampala, picha ya posikadi naiweka pembeni. Naongelea kwamba ni mahali ambapo Kampala inajiona. Eiffel nayo ni hivyohivyo ukifikiria, watu wa Paris walikuwa wanaichukia mwanzoni lakini ukishapanda ukaiona Paris yote ushakuwa na deni nayo. Jengo refu ambalo huwezi kuingia, la benki, la hoteli, linakupa kivuli tu.

Hata hivyo si kila mtu ana furaha na ana haki ya kutofurahi. Waislamu wenyewe kwanza. Uongozi umegawanyika miaka mingi, kambi ya Old Kampala na kambi ya Kibuli, kila mmoja na viongozi wake, na siku ya Idi unasikia hotuba mbili kutoka vilima viwili. Kwa mgeni msikiti wa kitaifa ni umoja wa Waislamu wa Uganda umesimama kwa simenti. Kwa mtu wa Kibuli ni makao makuu ya wale wengine. Alama ya mji huwa inafanya hivyo, kwa mbali inafuta ugomvi, ukiikaribia ugomvi uko pale mlangoni unakusubiri.

Halafu kuna ngome. Hii ndiyo inaniuma.

Ngome ya Lugard ilikuwa palepale juu, na ili msikiti uenee ilibidi itoke, wakajenga mfano wake pembeni ya kilima. Najua wapo watakaosema acha iende, ilikuwa ya mkoloni aliyetufyatulia Maxim, na mimi simlilii Lugard hata kidogo. Lakini sikilizeni, ilikuwa pia mahali ambapo makumbusho ya kwanza ya Uganda yalianzia mwaka 1908, watu wakaleta vitu vya mizimu na ngoma mpaka wenyeji wakapaita nyumba ya mayembe, yaani ya vitu vya uganga, ndiyo hayohayo makumbusho yaliyohamia baadaye Kitante Hill. Tena kuna wale askari. Lugard aliwachukua Wasudani waliobaki na jeshi la Emin Pasha, yule gavana wa Equatoria, kule upande wa Ziwa Albert akawaleta hapa, na kizazi chao ndio Wanubi wetu wa Bombo na kwingineko, Waislamu hao, na jeshi lao ni mojawapo ya njia ambazo Kiswahili kilijikita kwenye kambi za nchi hii. Yaani ngome iliyoondolewa kupisha msikiti ilikuwa sehemu ya historia ya Waislamu wa Uganda wenyewe. Ukiwa juu ya mnara unaonyeshwa vilima vyote isipokuwa hicho unachokikanyaga, nacho ndicho mambo yote yalipoanzia. Nilimuuliza kiongozi, kijana mstaarabu sana, akanionyesha kwa kidole kule mfano ulipo, akasema kwa haraka ndio ngome ile Haji, akageukia dirisha la Rubaga.

Mji ukijenga alama mpya juu ya alama ya zamani unapata sura na unapoteza kina kwa wakati mmoja, na sisi tumeshapenda huo mtindo. Mwaka 2011 serikali ilitaka kubomoa hayohayo makumbusho ya Kitante, jengo la 1954 alilolichora Ernst May, ili paote mnara wa biashara wa ghorofa 60. Wanaharakati wakaenda mahakamani, jengo bado lipo. Hebu fikiri, makumbusho yaliyozaliwa kwenye ngome ya Old Kampala yangefutwa mara ya pili kwa sababu ileile, kwamba tunataka kitu kinachoonekana kutoka mbali. Na ule mnara wa ghorofa 60 mimi na wewe tungeuonea wapi mji, kwenye lifti ya mlinzi anayeuliza unaenda ofisi gani?

Nikiulizwa kisa hiki kimefaulu au hakijafaulu nasema kwa kujulikana kimefaulu sana. Kwa mtu wa kawaida kimefaulu pia, zaidi ya walivyopanga, na nadhani hata waliojenga hawakudhani kwamba ngazi za mnara ndizo zingekuja kuwa kitu kinachowaleta watu wa dini zote. Kwa kumbukumbu ya kilima kimefeli, na kufeli kwenyewe kunarekebishika bei rahisi, weka kibao cha maana pale ngome ilipokuwa, chora ramani yake sakafuni uani, ongeza dirisha la mwisho kwenye maelezo ya mnara ambapo kiongozi anaangalia chini badala ya mbali. Watalii watapenda, wanafunzi watapenda zaidi.

Ila kuna kazi ya haraka kuliko hiyo na inahitaji KCCA, mamlaka ya jiji. Maghorofa ya maduka yanapanda upande wa Kisenyi na kando ya Namirembe Road, kila mwaka moja juu ya jingine, vioo vya bluu na mabango. Ukiwa kwenye teksi unatoka Natete zamani mnara ulikuwa unakupokea mapema, sasa unaonekana, unapotea nyuma ya akedi, hayo maghorofa ya maduka, unaonekana tena nusu. London waliweka kanuni tangu 1937 kwamba usijenge kimo cha kuziba kanisa la Mtakatifu Paulo likitazamwa kutoka sehemu fulani, na sheria hiyo bado inawabana wenye pesa hadi leo. Sisi tuna vilima sita saba vinavyotazamana, na kutazamana huko ndiko kulikojenga kila kitu nilichoandika hapa, Rubaga ikiangalia Namirembe, Mengo ikiangalia Old Kampala, Kibuli ikiwaangalia wote. Mwenye plani anaiwasilisha, wanapima maji taka, wanapima paki ya magari, hakuna anayesimama barabarani kuuliza hiki kimo kinaziba kilima gani. Wangeanza na Namirembe Road, maana huko misingi inachimbwa sasa hivi.